Mabrouk wa Vyerehani na Mkewe Shemsa

Katika miaka ya hamsini, ukimtaja Mabrouk Matar mbele ya wanawake wa shamba, uwe Makunduchi au uwe Nungwi, hakuna aliyekuuliza Mabrouk gani. Ni yule wa vyerehani. Mtu mrefu, mwembamba, kanzu yake imenyooka hata pale anapoteremka kwenye gari iliyojaa makuti na kuku, mkononi kashika sanduku la bati lenye bisibisi, sindano, mikanda na chupa ya mafuta aliyoivika kitambaa isije ikamwagika. Kwake ni Mkunazini, mjini. Kazi yake alipewa na Bohora mmoja, Mhindi mwenye duka la vyerehani Hurumzi, ambaye siku moja alimwita akamwambia, "Mabrouk, mjini kila nyumba ishapata cherehani. Shamba bado. Wewe una maneno mazuri, nenda shamba."

Basi akenda, na tokea hapo hakutulia tena. Wiki hii kusini, wiki ile kaskazini, ijayo Chwaka na vijiji vya pwani ya mashariki. Anauza cherehani kipya hapa, anakitia mafuta cha zamani pale, analala pale jua linapomchwea, asubuhi anasubiri gari.

Safari zile zilikuwa na raha zake. Alipenda asubuhi ya Darajani, kabla gari hazijaondoka, akinywa chai ya maziwa kwa mkate wa kumimina huku madereva wakiitana na abiria wakigombania nafasi ya mbele. Alipenda kusubiriwa. Kuna nyumba Makunduchi zilizomwekea pweza mkavu, na nyumba Chwaka ambako mwenyeji hakukubali aondoke bila ya kula muhogo wa nazi. Alipenda pia kucheka na watu. Nungwi alikuwako fundi wa majahazi aitwaye Machano, aliyenunua cherehani kwa ajili ya mkewe, kisha akakichukua mwenyewe kwa siri akajaribu kushonea tanga. Akavunja sindano zote zilizokuwamo. Mabrouk alipofika, Machano akamvuta pembeni na kumwambia kwa sauti ya chini, "Yakhe, hiki cherehani chako kinaogopa bahari." Mabrouk alicheka mpaka akakaa chini, na sindano nyingine akampa bila ya kumwambia mke kitu.

Lakini safari zilikuwa na udhia wake pia, na udhia ule haukuwa na mwisho. Gari zile za bodi ya mbao zilikuwa hazina ahadi. Ukiambiwa asubuhi, zinakuja adhuhuri, na ukiambiwa adhuhuri huenda zisije kabisa. Masika yakiingia, njia ya Nungwi ilikuwa ni tope tupu, na mara nyingi Mabrouk alivua viatu akabeba cherehani begani na kumaliza njia kwa miguu. Kuna vitanda vya kamba vilivyomwachia alama mgongoni, na vingine vilivyokuwa na kunguni wenye njaa kuliko yeye. Watu walimwita aje mbio kwa cherehani kilichokufa, akafika akakuta uzi tu umetiwa kinyume.

Na kubwa kuliko yote, nyumbani kwake alikuwa kama mgeni. Mtoto wa pili alizaliwa yeye akiwa Mkokotoni. Sikukuu mbili zilimkuta njiani. Akifika Mkunazini huwa kachoka hana hata neno. Huweka chini pakacha la samaki au viazi vikuu, hukoga, hula kimya, hulala. Kesho yake huenda Hurumzi dukani, na kesho kutwa hayupo.

Mkewe Shemsa alivumilia kwa muda mrefu. Alikuwa ni mwanamke wa mjini hasa, mtoto wa Kikwajuni, ambaye kwa upande wa shamba alikuwa hajapita Mbweni. Alishona magauni ya watoto wa mtaani na mkono wake ulisifiwa. Hakuwa mgomvi. Lakini siku moja, mume akiwa amekaa anakula, alimwambia:

"Mume wangu, huko unakokwenda kukoje?"

"Kama unavyokujua," akajibu Mabrouk.

"Mimi sikujui. Sijapata kwenda, na wewe hunihadithii."

"Ni shamba tu, Shemsa. Kuna minazi na kuna watu. Leo nimechoka, nitakuhadithia siku nyengine."

Siku nyengine haikuja. Majirani nao hawakukosa la kusema. Bibi mmoja wa jirani, akiwa juu ya mkeka anachambua mchele, alimwambia Shemsa kwa sauti ya huruma, "Mwanangu, mwanamme anayelala nje namna ile, ujue kuna anayemtandikia." Shemsa alicheka mbele yake. Alipopanda juu chumbani kwake hakucheka.

Mwaka wa hamsini na tatu, masika yakiwa yanaelekea kwisha, Mabrouk alikwenda Makunduchi kupeleka cherehani cha mkono kwa bwana harusi mmoja aliyetaka kumtunza mkewe kwa zawadi. Gari ilimteremsha njiani, nyumba iko ndani, na njia ya kufikia huko ni ya mawe makali ya matumbawe. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na mawe yanateleza. Alikuwa amekibeba cherehani begani. Mguu ukamponyoka, akaanguka, na badala ya kukiachia cherehani akakikumbatia, basi uzito wote ukaja juu ya mguu wake. Alisikia mfupa ukilia kabla ya kusikia maumivu.

Watu waliokuwa karibu walimbeba mpaka kwa Mzee Usi, fundi wa kuunga mifupa, ambaye Mabrouk alikuwa akifikia kwake kila akija Makunduchi. Mzee Usi aliupapasa mguu ule polepole, akauvuta mara moja, akaufunga kwa vibanzi vya mianzi na kitambaa. Mabrouk alipopata fahamu ya kusema alitaka apelekwe mjini.

"Kwa gari ipi?" akauliza Mzee Usi. "Hii yetu inayorusha watu kama bisi kwenye chungu? Ukipanda gari sasa hivi, mfupa utakwenda kombo na hutasimama tena. Kaa hapa. Chumba unakijua, ni chako."

Aliyepeleka habari mjini alikuwa ni Duni, dereva wa gari ya Makunduchi. Alikwenda mwenyewe Mkunazini, akapiga hodi, na Shemsa akamjibu kutoka nyuma ya mlango. Duni alikuwa mtu mwema lakini hakujua kupanga maneno.

"Bi Shemsa, usiwe na wasiwasi. Mumeo kavunjika mguu lakini hajambo. Yuko kwa Mzee Usi, anauguzwa vizuri. Wanu, mtoto wa mzee, ndiye anayempikia. Mjane yule, lakini mkono wake si mchezo! Atanenepa huko."

Shemsa aliusogelea mlango. Kisha akasema, "Gari yako inaondoka lini?"

"Kesho asubuhi, inshallah."

"Niwekee nafasi mbele."

Usiku ule hakuwaambia majirani kitu. Wanawe wawili aliwapeleka kwa mamaake Kikwajuni, akafunga nguo zake katika kanga, akachukua mkasi wake na chupa ya mafuta ya habasoda, na asubuhi akavaa buibui lake akenda Darajani. Duni alimweka mbele pamoja na bibi mmoja mtu mzima wa Makunduchi aliyekuwa anarudi kwao.

Safari ile Shemsa aliikumbuka maisha yake yote. Mpaka Fuoni aliona sawa. Baada ya Tunguu gari ilianza kumrusha, na kila ikimrusha yule bibi anasema "Pole mwanangu" kama kwamba ndiye aliyelichimba shimo. Walipofika Jozani walikuta mti umeanguka njiani, na abiria wote wanaume wakateremka kuukata. Wakakaa pale kwa muda mrefu. Shemsa alitazama msitu ule mkubwa, kima wekundu wakiruka juu ya vichwa vyao, na jasho likimtiririka ndani ya buibui. Bibi alimkatia kipande cha muhogo wa kuchoma. "Kula," akamwambia. "Njia hii haina haraka." Shemsa alikula, na alishangaa kuona ni mtamu. Hapo kwa mara ya kwanza ilimpitia fikra kwamba mumewe ameipita njia hii mara nyingi asizoweza kuzihesabu, na kwamba hata siku moja hakurudi nyumbani akalalamika.

Lakini hasira yake hakuiacha Jozani. Alifika nayo Makunduchi alasiri.

Duni alimwonyesha nyumba. Mbele ya ua alikuwepo mwanamke anapiga makumbi ya nazi kwa gongo, anatoa nyuzi za kusokotea kamba. Alikuwa rika lake Shemsa au kupungua kidogo, mweusi wa kung'ara, mikono imejaa, uso mzuri. Shemsa alimtazama akajua ndiye Wanu. Alikuwa njia nzima anamwomba Mungu Wanu awe ni mbaya.

"Hodi," akasema.

Mwanamke yule akainua uso, akamtazama kutoka juu mpaka chini, kisha akaliacha gongo.

"Wewe ni Shemsa."

"Umenijuaje?"

"Nionyeshe kidole chako." Na kabla Shemsa hajajibu akaukamata mkono wake, akaugeuza. "Hili hapa kovu. Pasi ilikuunguza siku ya harusi ya dadaako, ukashona na kidole kibovu na nguo ikatoka bila ya doa. Karibu, mwenzangu, karibu ndani! Na Mashavu bado ananyonya kidole? Mtieni shubiri, ataacha."

Shemsa alikitazama kidole chake mwenyewe. Mashavu ni mwanawe wa pili. Kovu lile hata majirani wa Mkunazini walikuwa hawalijui.

Mabrouk alikuwa amelala chumba cha nje, mguu juu ya mto wa usufi. Alipomwona mkewe mlangoni alitaka kuinuka, maumivu yakamrudisha.

"Shemsa! Umekuja na nani?"

"Na Mungu na gari ya Duni."

"Njia mbaya..."

"Nimeiona."

Akaugeuza uso ukutani, na Shemsa akaona kwamba analia. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaitoa chupa ya habasoda, akaanza kumkanda mguu mzima, ule usiovunjika, kwa sababu hakujua afanye nini jengine.

Jioni ile, wakiwa jikoni wawili, Wanu anakuna nazi na Shemsa anachambua mchele, Wanu alisema bila ya kuulizwa:

"Nikwambie kitu, na usinichukie. Watu hapa walinambia, Wanu, wewe mjane, yule Mabrouk mtu mzima na kazi yake, mtake. Nami nikasema, haya, kwa nini nisimtake? Akija nikajitia manukato, nikampikia pweza wa nazi. Basi mwanamme yule akikaa kula anasema, Shemsa yeye pweza humtia ndimu. Nikimletea maji, Shemsa kashona gauni la njano. Shemsa hivi, Shemsa vile. Mwisho nikachoka mie! Nikamwambia baba, huyu hana nafasi hata ya kuweka sindano."

Alisema hivyo na kuendelea kukuna nazi yake. Shemsa alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio, na Wanu akamwacha alie mpaka akamaliza. Kisha akamwambia, "Haya, lete huo mchele, maji yashachemka." Tangu siku ile wakawa mtu na dadaake.

Kesho yake Shemsa alimuuliza mumewe, "Maneno yote haya unawapa watu wa Makunduchi. Mimi mwenyewe mbona hunipi?"

Mabrouk akamjibu:

"Nikiwa huku nakuwa na hamu na wewe, na hamu ndiyo inayosema. Nikifika nyumbani hamu imekwisha, umebaki uchovu. Halafu nakuta mambo yote mshayamaliza bila ya mimi. Mtoto kaumwa na kapona. Paa limevuja na limezibwa. Naona haya kuuliza, kama mtu aliyefika khitmani dua ishasomwa na watu washaondoka."

"Ungeuliza tu," akasema Shemsa. "Ningekuhadithia."

Mfupa hauna haraka, na Shemsa alikaa Makunduchi mpaka mvua zikaisha na kipupwe kikaanza. Siku za mwanzo hakutoka ndani ya ua. Kisha siku moja alimwona Wanu anahangaika na cherehani chake, kile alichouziwa na Mabrouk mwenyewe. Wanu alijua kushona mstari mmoja tu, ulionyooka, basi akawa anashona foronya na mapazia na si kingine. Shemsa alikaa kwenye mkeka, akachukua mkasi wake, akamkatia gauni la mtoto la mikono ya puto na kumwonyesha namna ya kukusanya marinda kiunoni. Wanu akashona akatoa, akashona akatoa, na magharibi gauni likawa tayari. Mtoto wa jirani alivishwa akapita nalo mtaa mzima.

Siku ya pili wanawake wakajaa uani. Kumbe nyumba nyingi zilikuwa na vyerehani vya Mabrouk, na wengi wa wenyewe walikuwa na shida ile ile ya Wanu. Cherehani wamepewa, ufundi hawakupewa. Shemsa akaanza kuitwa. Asubuhi huenda nyumba hii, alasiri nyumba ile, na Wanu yuko naye kumfasiria, maana wazee wengine wakisema Kimakunduchi chao Shemsa huishia kutikisa kichwa na kusema "Naam, naam" bila ya kujua amekubali nini. Mara moja alikubali hivyo akajikuta amealikwa kusokota kamba pwani. Akenda, akachubuka viganja, na wanawake wakampenda zaidi.

Mabrouk alibaki kitandani. Mzee Usi akishatoka kwenda kondeni, yeye hubaki na kuku na sauti ya bahari kwa mbali. Alijifunza kutega sikio. Akisikia gari ya Duni anajua adhuhuri imepita. Akisikia vicheko vya wanawake njiani anajua mkewe anarudi, na hujiweka sawa kitandani, akauvuta msuli aliojifunga kiunoni, akajitia anasoma. Shemsa huingia na harufu ya jua na vumbi, na pakacha la mayai au machungwa aliyopewa, na habari tele.

Siku moja wakaja watu kutoka Kizimkazi. Kulikuwa na harusi, nguo hazijaisha, wanamtaka Shemsa. Akenda na Wanu asubuhi, akasema watarudi alasiri. Alasiri ikapita. Mvua ya nje ya msimu ikashuka, gari haikutokea, na magharibi ikaingia Shemsa hajarudi. Mabrouk hakula. Alimuuliza Mzee Usi kama njia ya Kizimkazi ina mabonde, kama mawe yake yanateleza, na kama watu wa kule wana desturi ya kuwaangalia wageni.

"Wewe mwenyewe umelala Kizimkazi mara ngapi?" akauliza Mzee Usi.

"Mimi mwanamme."

"Na mvua inajua?"

Shemsa alirudi kesho yake adhuhuri, buibui limeloa mpaka magotini, kikapu cha samaki wa kubanika kichwani. Mabrouk alianza kusema, "Ulikuwa wapi, mbona hukuleta hata salamu, sikulala..." Shemsa aliweka kikapu chini, akajitupa juu ya mkeka kama alivyo.

"Mume wangu, nimechoka. Nitakuhadithia baadaye," akasema, na papo hapo akalala.

Mabrouk alimtazama. Kisha akaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu kwa nguvu, mpaka kitanda cha kamba kikalia na Mzee Usi akachungulia mlangoni kuona kama mgonjwa wake amepandwa na homa.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mzee wangu," akasema Mabrouk akijifuta macho. "Nimejiona tu."

Shemsa alipoamka alimwekea samaki na kumhadithia yote, tangu mwanzo: bibi harusi aliyelia kwa sababu mkono mmoja wa nguo ulikuwa mrefu kuliko mwengine, mvua ilivyoingia ndani mpaka wakashona wamekaa juu ya kitanda, na mama wa bibi harusi aliyempa kanga yake mwenyewe kavu na yeye akalala na iliyoloa. Mabrouk hakumkata maneno hata mara moja. Nyumba ile ya bibi harusi alikuwa anaijua. Alikuwa amewahi kulala kwenye kitanda kile kile. Lakini alimwachia mkewe ahadithie, kwa sababu yeye alikuwa hajapata kuiona hivyo.

Mzee Usi alipofungua vibanzi kwa mara ya mwisho, mguu ulikuwa umeunga. Ulikuwa umepungua urefu kidogo na Mabrouk alichechemea maisha yake yote, lakini alisimama. Alitaka kumpa mzee chochote, na mzee akakataa. "Chochote cha nini? Mguu nimeuunga mimi, lakini mfupa kauotesha Mwenyezi Mungu. Mshukuruni yeye, na mimi mniletee sukari mkija." Siku ya kuondoka, Duni alilalamika kwamba gari yake imejaa zawadi za mtu na mkewe na abiria hawana pa kukaa. Nazi, kamba za makumbi, mapakacha ya viazi, na jogoo aliyefungwa miguu ambaye Wanu alimpachika mkononi mwa Shemsa kwa nguvu. Walikumbatiana hata Duni akapiga honi.

Mjini, Mabrouk alikwenda Hurumzi na gongo lake, akamweleza Bohora kila kitu. Bohora alikuwa mfanyabiashara na alifahamu haraka. Mwenye kujua kushona nguo nzuri hutaka kitambaa, hutaka uzi, na jirani yake hutaka cherehani. Akasema Shemsa aende kila anapoweza, na nauli yake ni ya duka.

Majirani wa Mkunazini walisema. Yule bibi wa mchele alimuuliza Shemsa kama haoni haya, mtoto wa watu kuzurura mashamba. Shemsa akamjibu kwa adabu, "Shikamoo bibi. Uliniambia kuna anayemtandikia mume wangu huko. Nimekwenda kumwona, na ni kweli, yupo. Ni mimi." Bibi alisema "Marahaba" akaingia ndani kwake.

Hakwenda kila safari, maana alikuwa na watoto na nyumba. Lakini kila baada ya muda mamaake alikuja kukaa na wajukuu, na Shemsa akafunga mkasi wake ndani ya kanga. Alizijua raha za njia na udhia wake wote. Kunguni wa Mkokotoni walimla na yeye. Alimkuta Machano Nungwi, akamhadithia mke wa Machano kisa cha tanga, na nyumba ile haikukaa kimya siku nzima. Na zile safari ambazo Mabrouk alikwenda peke yake, alirudi akahadithia. Hata akiwa hoi, husema angalau moja kabla ya kulala, na Shemsa naye humpa moja ya nyumbani.

Mwaka mmoja, wakitokea Nungwi, gari iliwakwamia karibu na Chaani. Mvua ilikuwa inamwagika na dereva alisema hakuna kwenda mbele mpaka asubuhi. Waliingia kwenye nyumba ya kwanza waliyoiona. Wenyewe walikuwa mtu na mkewe na mama mzee, na hawakuwa wanawajua. Waliwapisha upande usiovuja, penye moto wa kuni. Walikuwa na muhogo na kisamvu tu, wakaugawa muhogo ule mpaka ukamtosha kila mtu. Mabrouk alikuwa amepatwa na maumivu ya mguu wake wa zamani na alikuwa hana raha. Alinung'unika kuhusu njia, kuhusu gari, kuhusu duka la Hurumzi linalomtuma mtu katika mvua kama ile. Shemsa alimwacha anung'unike. Alikuwa ameiona kanga ya mke wa mwenye nyumba imechanika pindoni, basi akaiomba, akatoa sindano na uzi, akakaa karibu na kibatari akaanza kuipinda kwa mkono.

"Mnauza nini?" akauliza yule mama mzee kutoka kitandani kwake.

"Vyerehani, bibi," akajibu Mabrouk.

"Sisi hatuna haja ya cherehani."

"Wala hatukuja kuuza," akasema Shemsa. "Leo tumekuja kujisitiri, na mmetusitiri. Mungu na awasitiri na nyinyi."

"Amin," akasema mama mzee.

"Amin," akasema Mabrouk, na akausogeza mguu wake karibu na moto.